Hakusema Sijambo

Siku ya hitima ya mke wangu, Mwalim Abdulla alisimama mbele ya watu akamsifu. Ubwabwa ulikuwa tayari, masinia yamefunikwa kwa makawa, watu wana njaa. Angeweza kusoma dua tukala. Lakini alitaka kusifu.

"Marehemu alikuwa mwanamke wa subira," akasema. "Kalala kitandani siku nyingi, na hapana aliyemsikia akilalamika. Ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo, alhamdulillahi. Mpaka roho inatoka, sijambo. Wanawake wetu na waige."

Watu wakaitikia Mungu amrehemu. Mimi nikasema, "Uongo."

Mwalim akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye pepo.

"Mzee Simai, una msiba."

"Nna msiba, ndiyo. Na wewe umesema uongo. Mke wangu hakusema sijambo."

Jirani yangu Ghanim akanishika mkono, akanitoa nje. Tukakaa barazani. "Mwalim alikuwa akimsifu, ndugu yangu," akaniambia. "Mtu akimsifia marehemu wako, unamshukuru."

Alimsifu kwa neno ambalo marehemu mwenyewe alilipiga vita miaka na miaka. Nimshukuru nini?

Basi nimekaa kuandika. Herufi nilizonazo ni zile za chuoni, na mkono wangu umezoea mwiko wa chokaa, si kalamu. Sitasema mengi. Nitasema ya kweli.

Mke wangu ni Mwanakheir binti Duni, mzaliwa wa Tumbatu, Jongowe. Nilimuoa nikamleta mjini wakati ule Waarabu wanajenga majumba, na waashi wanatafutwa kwa taa. Watoto tuliwapata, hatukukaa nao. Alikuwa mfupi, mwendo wake wa haraka, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza maana. Mhindi wa duka akisema neno la kwao, Mwanakheir hatoki dukani mpaka aambiwe maana yake. Nilikuwa nikimtuma bizari, nangoja nusu ya asubuhi.

"Ulikuwa wapi?"

"Alimwambia mwanawe neno, sikulijua."

"Na limekuhusu nini?"

"Limesemwa mbele yangu, bwana."

Ndivyo alivyokuwa. Neno likisemwa mbele yake, alihesabu ni haki yake kulijua.

Mwaka wa pili baada ya kasri la Sultani kupigwa mizinga na Waingereza, nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu ukuta wa nyumba moja Baghani. Boriti ikakatika. Nikaanguka, mguu ukavunjika juu ya goti. Wakanipeleka katika nyumba ya dawa ya Wazungu. Jina lake silitaji. Waliokuwamo wengine wamekufa, wengine wamerudi kwao. Wanaume tulilazwa chini, wanawake juu. Mwanakheir akiniletea uji asubuhi na jioni, na akija huona sakafu chafu, na akiona sakafu chafu mikono humuwasha. Akachukua fagio bila ya kuambiwa. Nilipotoka pale na gongo langu, sikuweza tena kupanda jukwaa. Yeye wakamuajiri. Akapewa chumba cha juu, cha wanawake: kufagia, kupiga deki, kumwaga vyoo.

Mtaani wakamcheka. Bi Bahiya, aliyekaa ghorofani mkabala wetu, akamwita kwa dirishani kila mtu asikie.

"Mwanakheir! Ati umepata kazi ya kufagia usaha?"

"Nimepata, bibi. Siku utakayokuja nitakufagilia na wako."

Bi Bahiya akafunga dirisha.

Sasa nataka msomaji aelewe lililokuwa likitendeka kule juu, kwa sababu ndilo lililomfanya Mwanakheir awe vile alivyokuwa.

Kila asubuhi daktari alipita kitanda kwa kitanda. Alikuwa Mzungu mrefu, shingo nyekundu, mwendo wa mtu anayeachwa na meli. Kiswahili hakujua, isipokuwa upesi na bado. Nyuma yake alifuata mkalimani wake, kijana mmoja akiitwa Matar. Mtoto wa watu, Mwarabu. Baba yake alikuwa na mashamba, yakaenda kwa Wahindi kwa madeni, yakabaki majina tu. Kijana kasoma Kiingereza, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ukingoni, sauti ya chini, macho chini mbele ya wanawake. Simsingizii. Adabu alikuwa nayo. Ndiyo hiyo iliyotuumiza.

Daktari husimama mbele ya kitanda, husema neno. Matar huinamisha kichwa, huuliza:

"Hujambo, bibi?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Pole."

"Nshapoa."

Matar humgeukia daktari, husema kwa Kiingereza: wel. Au husema: beta. Daktari huandika, huenda kitanda cha pili.

Hebu nambie, wewe mtu wa Unguja unayesoma. Mtu akikuuliza hujambo, utamjibu nini? Hata kama mguu wako umekatika na uko mkononi, utasema sijambo. Ukipewa pole, utasema nshapoa, na damu inachuruzika. Hiyo si habari ya mwili. Hiyo ni hodi. Habari ya mwili huja baadaye, mgeni akishakaa, akishakunywa maji, akishauliza tena: na usiku ulilala? Na tumbo je? Na ile homa? Hapo ndipo mgonjwa huvuta pumzi, akasema, "Mwenzangu, siwezi." Sote tunajua. Mtoto wa miaka sita anajua. Na Matar alijua. Alipiga hodi, akaitikiwa, akaondoka, akamwambia Mzungu nimeingia ndani, wazima wote.

Mzungu kwao huuliza mara moja. Akijibiwa, huamini.

Mwanakheir alikuwa na fagio lake pale, chini ya vitanda, na maneno yanasemwa mbele yake. Nani angemzuia? Akaanza kutafuta maana. Wa kumfundisha hakuwa naye, basi akatazama miguu ya daktari. Jioni akija nyumbani, anakuna nazi, ananieleza.

"Bwana, unajua wel maana yake nini?"

"Sijui."

"Maana yake, twende zetu. Likisemwa tu, miguu inanyanyuka."

"Na beta?"

"Beta, kesho kitanda kinalala mtu mwengine. Fiva, anatiwa kijiti cha kioo kwapani na anapewa kwinini. Pein, daktari anabonyeza. Na lipo moja, plis. Plis ni kutoa ulimi."

Siku hizo kila mtoto wa jirani aliyekohoa alishikwa kidevu akaambiwa plis. Watoto wakamwita Bibi Plis. Baadaye sana nikaja kuambiwa na Mgoa mmoja muuza mvinyo kwamba plis si ulimi hata kidogo, ni tafadhali. Nilicheka. Mwanakheir hakucheka, alikasirika kwa kuwa alifundisha watoto uongo, akawapitia nyumba kwa nyumba kuwasahihishia.

Neno lililomkaa moyoni lilikuwa jengine. Sirias. Hilo, alisema, likitoka, daktari haondoki. Huvuta kiti. Huita maji ya moto. Uso wake hugeuka, hukumbuka kuwa yeye ni daktari.

"Sasa nimelitazama, bwana," akaniambia siku moja, mbuzi ya nazi iko chini yake, mikono imesimama. "Hili neno hawapewi wanaosema. Wanapewa waliokwisha kunyamaza. Mtu mpaka ulimi umfe, asiweze kujibu sijambo, ndipo Matar anakosa la kutafsiri, na daktari anamtazama kwa macho yake mwenyewe. Na hapo tena, mara nyingi, basi."

Mimi nikamwambia labda amekosea.

"Labda," akasema. Akaendelea kukuna.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Bi Kulthum, mke wa muuza kahawa wa Malindi. Mtu mzuri, mcheshi, akimwachia Mwanakheir nusu ya mkate wake. Kaja na uvimbe ubavuni. Kila siku hujambo, sijambo. Kila siku wel. Usiku akiuma shuka asipige kelele, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa heshima na yeye hakutaka isemwe mke wa fulani alilia mbele ya wageni. Asubuhi shuka lina meno, na yeye anasema sijambo. Alhamisi moja Mwanakheir kaja kufagia, kamkuta kafunikwa.

Siku hiyo hakula. Alikaa kizingitini na ukaya kichwani mpaka adhana ya magharibi.

"Kafa na wel lake," akasema. Basi.

Asubuhi yake alimngoja Matar ngazini. Maneno yao alinihadithia mara nyingi, na hayakupata kubadilika.

"Bwana Matar."

"Naam, mama."

"Ulimwambia daktari kuwa Bi Kulthum ni mzima."

"Nilimwambia alivyosema mwenyewe. Mimi siongezi, sipunguzi. Ndiyo kazi ya mkalimani."

"Alisema sijambo."

"Na sijambo maana yake nini, mama?" Alikuwa akitabasamu, kwa upole.

"Maana yake ni kuwa mtu ana adabu. Haina maana nyengine."

"Basi na mimi nna adabu. Ulitaka nimuulize mke wa mtu, mbele ya Mzungu, mwili wako unatoa nini? Unauma wapi, chini au juu? Mumewe akisikia ataniuwa, na haki atakuwa nayo."

"Mumewe leo hana mke wa kumuonea haya."

Tabasamu likamtoka. Akapanga mikunjo ya kanzu yake.

"Mama," akasema, "wewe fagia."

Mpaka leo nikiwa peke yangu nalisikia lile neno. Mama, wewe fagia. Hakumtukana. Angemtukana ningejua la kufanya na gongo langu. Alimwita mama.

Haukupita mwezi akaletwa Wanu. Wanu ni binti wa dada mdogo wa Mwanakheir, aliolewa Mangapwani. Kajifungua, mtoto hakuishi, na kondo la nyuma halikutoka lote. Wakamtia dawa za majani, wakamfukiza, homa haikushuka. Mumewe akamleta mjini juu ya gari la punda, njia nzima amekipakata kichwa chake. Nilimuona anapoteremshwa. Midomo imekauka kama chokaa, na harufu yake ile, mtu aliyewahi kuinusa haisahau. Akapandishwa juu, chumba cha wanawake.

Jioni ile Mwanakheir alikaa naye. Akamfunza kama mtoto anavyofunzwa sura.

"Wanu, nisikilize. Kesho atakuja kijana na Mzungu. Kijana atakuuliza hujambo. Usimwambie sijambo."

"Nimwambie nini, mama mkubwa?"

"Mwambie siwezi. Mwambie nna homa, tumbo linaniuma huku chini, na kinachonitoka kinanuka."

Wanu, na homa yake yote, akaona haya. "Mama mkubwa! Nimwambie mwanamme?"

"Mwambie."

"Hata mume wangu sijamwambia."

"Mwanangu, wewe unataka kufa?"

"Sitaki."

"Basi sema. Neno moja tu. Siwezi."

"Nitasema."

Asubuhi ilipofika mimi nilikuwa njiani mkabala wa nyumba ile, nimeegemea ukuta, siruhusiwi kupanda. Haya ya ndani nimeyasikia kwa Mwanakheir, na nimeyasikia kwa Wanu, na hawakupishana.

Daktari akaja na miguu yake. Kitanda cha kwanza, wel. Cha pili, wel. Mwanakheir alikuwa anafagia pale pale mahali pamoja, sakafu imeng'aa. Wakafika kwa Wanu. Matar akainamisha macho.

"Hujambo, bibi?"

Wanu akamtazama mama yake mkubwa. Akamtazama yule kijana msafi. Akavuta leso mpaka machoni.

"Sijambo," akasema. "Alhamdulillahi."

Alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi simlaumu. Tangu ajue kusema, jibu alilofunzwa ni moja.

"Pole."

"Nshapoa."

"Wel," Matar akasema. Na miguu ikanyanyuka.

Mwanakheir akalaza fagio mbele ya daktari.

Sijui kama mnanielewa. Kwetu sisi fagio halimgusi mtu. Ukifagia karibu na miguu ya mtu huomba radhi, kwa kuwa ni mkosi, ni kumfagia yeye na riziki yake. Mwanakheir alichukua fagio la chooni akalibana miguuni mwa daktari, kiatu hiki na kiatu hiki, asiweze kupiga hatua. Chumba kizima kikasema la ilaha. Bikizee mmoja akaziba macho.

"No wel!" Mwanakheir akamwambia Mzungu. "Fiva. Pein." Akamfunua Wanu leso usoni. Akamshika mkono daktari, mkono wake mwenyewe uliotoka kumwaga vyoo, akaupeleka akauweka juu ya paji la yule mtoto. "Sirias," akasema. "Sirias. Sirias."

Matar akapiga Kiingereza kirefu. Alichosema hatukijui. Lakini mkono wa daktari ulikuwa umekwisha kulisikia lile joto, na mkono hauhitaji mkalimani. Akamwambia Matar neno fupi la kumkatiza. Akavuta kiti.

Wakaleta pazia, wakaleta maji ya moto, Matar akatolewa nje. Wanu alipiga kelele siku ile mpaka mimi nikamsikia njiani, nikamshukuru Mungu kwa zile kelele. Siku saba hakujua mchana wala usiku. Ya nane akaomba uji.

Wanu yuko hai. Ana watoto wanne. Ndiye aliyepika ule ubwabwa wa hitima, ndiye aliyekuwa jikoni wakati Mwalim anasema uongo wake.

Sasa lipo linalonichoma zaidi. Mtu mwenye akili angedhani, baada ya siku ile, mambo yamebadilika kule juu. Angedhani daktari amejiuliza: ikiwa huyu aliambiwa mzima na huku anaoza, na wale wengine je? Angedhani amemwita Matar akamwambia, kuanzia leo uliza mara mbili. Angedhani amemleta mwanamke wa kuwauliza wanawake. Nyumba ilijaa wanawake.

Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, Matar alimkuta Mwanakheir ngazini.

"Mama, daktari anasema usirudi tena."

"Kwa sababu gani?"

"Umemdhalilisha. Umemwekea fagio miguuni."

Mwanakheir akamtazama. "Kasema yeye," akauliza, "au umetafsiri wewe?"

Matar akakusanya kanzu yake. Akapita. Mpaka leo hatujui. Mzungu wa watu atajua wapi fagio ni dharau? Nani alimwambia?

Na kesho yake asubuhi, hujambo, sijambo, wel.

Mwanakheir alipotoka pale hakunyamaza. Akawa anakwenda saa ya kuwatazama wagonjwa, anakaa na mtu asiyemjua, anauliza hujambo, anangoja, anauliza tena, anauliza ya tatu, mpaka mtu anasema. Kisha anamfuata jamaa yake aliyekuja na chakula, anamwambia, mwenzio anaumwa mahali fulani, kamwambieni daktari. Wengine walimshukuru. Wengine walimwambia ana kilimilimi.

Na yeye mwenyewe aliacha kusema sijambo akiwa hawezi. Akiwa mzima husema sijambo. Akiumwa, umuulize njiani, sokoni, msibani, atakwambia. "Hujambo, Bi Mwanakheir?" "Jino hili la nyuma, tangu juzi, linanipiga mpaka sikioni." Watu wakashikwa na butwaa. Mtu kasalimia tu anapita, kabeba samaki wake, sasa asimame asikilize jino. Pakatokea mzaha mtaani: usimuulize hujambo Bi Mwanakheir, atakujibu. Wengine wakakata kichochoro wakimuona. Bi Bahiya, yule wa dirishani, alisema mwanamke huyu kakosa haya. Siku Bi Bahiya mwenyewe alipovimba miguu alimwita nani? Alimwita Mwanakheir, akamfungia mlango, akamwambia yote. Na huku nje akiulizwa husema sijambo.

Hata mimi nilichoka wakati mwengine. Nilimwambia, mke wangu, mtu anapita tu. Akasema, "Basi asiulize."

Mwaka jana, kabla ya vuli, ulimshika ubavu. Akakonda. Akikohoa, hujishika kwa mikono miwili. Akaniambia nimpeleke ile ile nyumba ya dawa. Nikasema, wewe, pale? Akasema pale. Nikampeleka. Mkalimani sasa ni mwengine, kijana tu, na daktari mwengine, mwenye miwani. Safari hii kwa umri wangu walinipisha nikapanda.

"Hujambo, bibi?" kijana akauliza.

"Siwezi," Mwanakheir akasema.

Kijana akashtuka. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo. Akamtazama daktari, akamtazama yeye.

"Mwambie," Mwanakheir akasema, "ubavu huu wa kulia unanichoma nikivuta pumzi. Nalala nimekaa. Makohozi yana damu, si nyingi. Chakula sikitamani. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze, mwanangu, nna umri wa bibi yako."

Akamwambia. Ilichukua muda. Na daktari akavuta kiti. Akaweka sikio mgongoni, akagonga kwa kidole, akabonyeza, akafikiri. Mwisho akasema, na kijana akatafsiri, kuwa ugonjwa umekwenda mbali na yeye hana dawa ya kuurudisha. Ana ya kupunguza maumivu tu.

Nje, nilimpandisha kwenye gari la punda. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Yeye akanifuta kwa ncha ya leso.

"Kasikia, bwana," akaniambia. "Dawa hana. Lakini kasikia."

Kitandani kwake nyumbani, alipoulizwa hujambo alisema siwezi. Kila siku, kwa kila mtu. Usiku wa leo ulikuwa mbaya. Leo afadhali, nimelala kidogo. Leo siwezi kabisa. Wanawake waliokuja kumtazama wengine walikereka. Mke wa Mwalim Abdulla alimwambia hivi ni kulalamikia kadari ya Mungu. Mwanakheir akamjibu, "Mungu anajua siwezi. Mimi nakwambia wewe." Yule mke wa Mwalim akaenda akamhadithia mumewe, na mumewe akaona vibaya mwanamke kazikwa na sifa mbaya, akamtengenezea nzuri. Akamtilia sijambo mdomoni. Amekufa, atakataa vipi?

Ndiyo ilivyokuwa. Hakusema sijambo. Alfajiri ile ya mwisho nilimuuliza, akatikisa kichwa. Hakuwa na sauti, akatikisa kichwa. Nikamshika mkono.

Siku ya tatu baada ya hitima nilikuwa barazani peke yangu. Akatokea mtu pembeni mwa nyumba ya Ghanim, kanzu imepigwa pasi, tumbo mbele, bakora ya kichwa cha fedha. Sikumjua mpaka alipoinamisha macho. Matar. Sasa ni mtu mkubwa, mkalimani wa wakubwa, watu huinuka akipita. Miaka yote hii tukipishana njiani kila mmoja hutazama ukuta wake.

"Assalamu alaykum, Mzee Simai."

"Waalaykumu ssalaam."

"Hujambo?"

Tangu msiba uingie nyumbani kwangu nimeulizwa na watu wote wa mtaa. Wote nimewajibu sijambo. Mimi, mume wake. Mdomo ulikwisha kufunguka, neno liko mbele ya meno.

"Siwezi," nikasema.

Akabaki amesimama.

"Nna homa. Mguu huu unaniuma tangu mvua ianze. Usiku silali. Nikigeuka, mkono unamtafuta na kitanda kitupu. Nakula kwa kuwa Wanu ananisimamia."

Matar akageuza bakora mkononi. Akatazama njia aliyojia. Mtu kama yule, amesema mbele ya makonseli wa Kizungu na mahakimu, na sasa anatafuta neno.

"Pole," akasema.

Akangoja. Nilijua anangoja nini. Hata watoto wa jirani waliokuwa wakicheza njiani walikuwa wanangoja.

Sikusema nshapoa.

Mwisho akavua viatu, akavipanga chini ya ngazi, akapanda barazani akakaa kando yangu, juu ya jiwe tupu, na kanzu yake ile nyeupe.

"Nambie," akasema.

Nikaanza na Bi Kulthum.